Kusuka ni Kusuka

Kila baada ya wiki sita hivi nasukwa nywele kwa rafiki yangu wa Lubumbashi, anayekaa mtaa wa tatu kutoka kwangu hapa Cardiff, Wales. Yeye kwenye sofa, mimi chini kwenye mto, kichwa kati ya magoti yake, pakiti za rasta zimetapakaa mpaka mlangoni, chai inapoa. Ni kazi ya saa tano. Saa mbili za mwanzo ni za umbea. Ikifika ya tatu tumeshachoka kusema, nami nashika simu.

Ndivyo nilivyokutana na kazi ya msanii Anya Paintsil. Picha ilipita, nikadhani ni zulia lenye sura ya mwanamke mweusi, nikataka kuiacha. Kitu kikanirudisha. Nikaikuza kwa vidole viwili na kuona kwamba kile kilichokaa kichwani mwa yule mwanamke wa zulia hakikuwa uzi. Zilikuwa nywele. Zimesukwa kweli, kama hizi zilizolala mapajani mwangu zikisubiri zamu yake.

Nikainua simu ili msusi wangu aione. Akasitisha mikono, akaitazama kwa jicho la kazi. "Ule mwenye alimusuka anajua kazi," akasema. "Ona mustari." Kisha akanigeuza kichwa, akaendelea. Hakuuliza kama ile ni sanaa au si sanaa.

Nimekaa na lile jibu muda mrefu. Kiswahili hakitenganishi mambo ambayo makumbusho za Ulaya zimeyatenganisha kwa karne nyingi. Nywele husukwa, mkeka husukwa, kikapu husukwa, kamba husukwa. Njama nayo husukwa, na mwalimu wangu wa fasihi sekondari alikuwa hachoki kutuuliza msuko wa riwaya. Bibi yangu mzaa mama, Pangani, alikuwa akisuka ukili kutwa nzima barazani, na jioni vidole vilevile, bado vinanukia mkindu, vikahamia vichwani mwetu. Alikuwa hana mkono wa ususi na mkono wa mikeka. Tukilia kwamba anavuta sana alisema tukae vizuri, ana pima mbili za ukili zinamsubiri.

Paintsil alizaliwa Wrexham mwaka 1993 na kukulia Glyn Ceiriog, kijiji cha bondeni kaskazini-mashariki mwa Wales. Ana asili ya Wales na ya Ghana, kwa Wafante, watu wa pwani. Ufundi wake wa msingi ni ule aliofundishwa utotoni: kushona viraka, kudarizi kwa mkono, na zulia la matambara. Hilo la mwisho nalijua kidogo sasa, nitalieleza. Juu ya hayo akaweka ususi. Anatumia nywele za bandia na nywele halisi, mara nyingine zake mwenyewe, na wanawake wake wanakuja na vichwa vilivyosukwa kwa ufundi ambao msichana yeyote mweusi aliyewahi kukaa kati ya magoti ya mtu anautambua. Baadhi ya kazi zake zina majina ya Kiwelisi. Makumbusho ya taifa ya Wales inayo kazi yake, na jumba la sanaa la Whitworth la Manchester pia.

Ila ukitaka kuelewa kwa nini zulia hilo linanigusa hivi, itabidi twende Wrexham ya zamani kidogo.

Kuna kifaa kimoja mashuhuri kutoka mji huohuo. Ni mfarishi. Wazee wa pwani wanalijua neno hili: kwa kawaida ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, katikati kumejazwa kitu cha joto, juu kuna mishono inayoshika yote yasihame. Mfarishi wa Wrexham ulishonwa na fundi nguo aitwaye James Williams, kwa saa zake za ziada, kuanzia 1842 hadi 1852. Una vipande 4,525 vya kitambaa cha sufu. Humo mna safina ya Nuhu, Yona na samaki wake, Kaini akimuua Abeli, daraja la Menai, na daraja la reli lililokuwa jipya enzi hizo. Leo ni mali ya makumbusho ya St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, ambako kiingilio ni bure na mimi huwapeleka wanangu mvua ikikatika.

Ni kazi ya ajabu, sina neno. Lakini tazama tunachokijua: jina la fundi, miaka aliyoitumia, idadi ya vipande mpaka kile cha mwisho. Sasa niulize kuhusu mwanamke aliyeshona mfarishi wa flaneli nyekundu ulio kwenye kabati la pili hapohapo makumbusho. Mara nyingi jibu litakuwa "kusini-magharibi mwa Wales, karne ya 19". Basi.

Na wao ndio waliokuwa wengi. Wales ya mashambani ilikuwa na mafundi wa kike waliozunguka kutoka shamba hadi shamba, pengine na msichana mwanafunzi. Fundi alifika, akafungiwa fremu ndani ya nyumba, akalala na kula hapo mpaka mifarishi ya mwaka huo iishe, kisha akaenda kwa jirani. Cha kujazia kilikuwa sufu ya kondoo wa hapohapo, hata ile iliyookotwa kwenye miiba ya ua. Mishono ya Wales ina tabia yake. Katikati kuna duara au mraba mkubwa, kisha fremu ndani ya fremu, na ndani yake mioyo, majani, na mizunguko kama gamba la konokono. Ukiutazama mchana, mwanga ukiwa umenyooka, hauoni kitu, ni kitambaa cha rangi moja tu. Washa taa ya pembeni, ndipo bustani nzima inainuka.

Kwenye mabonde ya makaa ya mawe, kusini, mambo yalikuwa makali zaidi. Mume akifa mgodini, au akitoka huko na mapafu yaliyokwisha, mke alikuwa na fremu. Wateja walijiandikisha na kulipa kidogokidogo kila wiki mpaka mfarishi ukamilike. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kwenye basi, maana mama yangu aliuza kanga kwa mtindo huohuo, daftari mkononi, Ijumaa kwa Ijumaa, na madeni yasiyolipika hadi leo. Miaka ya 1920 ilipokuja na njaa yake, shirika la serikali la viwanda vya vijijini likaja na mpango: tangu 1928 wanawake wa mabonde walipewa vitambaa bora, wakafunguliwa madarasa, na kazi zao zikauzwa London. Hoteli ya Claridge's iliagiza mifarishi yao kwa vyumba vyake vipya. Hebu fikiria. Mjane wa mchimba makaa ameinama juu ya fremu wiki nzima ili mtu asiyemjua alale vizuri usiku mmoja. Vita vya pili vilipokuja vitambaa vikaadimika, mpango ukafa.

Mifarishi yenyewe ikaishia wapi? Zizini. Ikafunikia mashine za shamba, ikatandikiwa mbwa. Mmarekani mmoja, Jen Jones, aliyehamia Wales mwaka 1971, ndiye aliyeanza kuiokota na kuinunua, mpaka akawa na akiba ya kufungulia jumba zima mjini Lampeter. Mara nyingi mgeni ndiye anayeona thamani ya kitu ambacho wenyewe wamekizoea. Nasema hivyo nikijua kwamba mikeka ya bibi yangu nayo tuliiacha ikaliwa na mchwa.

Mfarishi unakaa kitandani, na kitanda cha mwanamke wa Wales kiliwahi kuwa suala la serikali. Mwaka 1847 London ilichapisha ripoti kuhusu elimu ya Wales. Waliotumwa kuchunguza walikuwa Waingereza watatu wasiojua Kiwelisi, na walipomaliza kusema shule ni mbovu wakaongeza kwamba wanawake wa huko hawana maadili. Ushahidi wao mmojawapo ulikuwa uchumba wa usiku: kijana na binti wanakaa pamoja kitandani, nguo mwilini, maana mchana wote wako kazini na nyumba haina pengine penye joto. Majalada ya ripoti yalikuwa ya buluu, na mpaka leo Wawelisi wanaiita Usaliti wa Vitabu vya Buluu.

Aibu ile ilirudi nyumbani ikawakalia wanawake. Mwaka 1850 lilianzishwa jarida la kwanza la Kiwelisi kwa ajili yao, Y Gymraes, yaani Mwanamke wa Kiwelisi, la kumfundisha unadhifu, dini na utunzaji wa nyumba. Mhariri wake alikuwa mchungaji, Ieuan Gwynedd. Kungwi mwanamume! Bibi zangu wangemtimua kwa pakacha.

Na hata mavazi alipangiwa. Lile kofia refu jeusi, shali, na gauni la flaneli ambalo watoto wa shule huvaa kila tarehe 1 Machi, sikukuu ya Wales, vilikuwa kweli nguo za wanawake wa mashambani, lakini aliyevifanya kuwa sare ya taifa ni tajiri mmoja, Augusta Hall, Lady Llanover, aliyeshinda tuzo mwaka 1834 kwa insha iliyohimiza lugha na mavazi ya Wales. Aliipenda Wales kwa dhati, simnyang'anyi hilo. Ila mwenye jumba kubwa akimwambia mwenye kibanda kwamba nguo zake zinapendeza, mimi huwa nakunja uso.

Picha inayonikera na kunivutia kwa pamoja ni Salem, ya Sydney Curnow Vosper, ya mwaka 1908. Bibi mmoja, Siân Owen, anaingia kanisani na shali ya kifahari, watu wameketi wakisali. Kufikia wakati huo kofia zile zilikuwa zimeshakuwa nadra. Mchoraji alikuwa na moja tu, akaichora tena na tena juu ya vichwa tofauti. Picha ikatumika kuuza sabuni ya Sunlight: ukikusanya kuponi za kutosha unatumiwa nakala, ndiyo maana ikaning'inia kwenye nyumba nyingi za Wales. Tangu hapo watu wanaona uso wa shetani kwenye mikunjo ya shali, na wanasema ni onyo dhidi ya majivuno. Mwanamke mzee ameenda kusali, na watu wanamtafutia shetani kwenye nguo.

Vijiko vya mapenzi nitavipita haraka, duka lolote la watalii linavyo. Kijana alichonga kijiko cha mti, moyo juu, mnyororo kando, vijipira ndani ya kizimba, akampa binti. Cha zamani zaidi chenye tarehe pale St Fagans ni cha 1667. Vizuri mno. Lakini ona: alichochonga mwanamume kilitundikwa ukutani tangu siku ya kwanza, na alichoshona mwanamke kililaliwa mpaka kikachanika.

Kwa hiyo msanii wa leo anapochukua zulia la matambara na kulitundika, anagusa kidonda hicho. Hajaanza Paintsil. Mary Lloyd Jones, aliyezaliwa mwaka 1934 karibu na Pontarfynach, ni mchoraji wa mandhari, lakini kuna kipindi alipaka vitambaa rangi na kuviunganisha kwa kushona, milima ikawa viraka. Na kila kizazi cha wanawake wa huko humrudia Blodeuwedd, yule wa masimulizi ya kale. Wachawi wawili walimtengeneza kwa maua ya mwaloni na ya mimea mingine miwili ya porini ili awe mke wa kijana aliyelaaniwa asipate mke wa kibinadamu. Hakuna aliyemuuliza. Alipompenda mwingine na kupanga njama naye, aligeuzwa bundi, ndege anayechukiwa na ndege wote. Mwanamke aliyesukwa na wanaume kwa mahitaji yao, akaadhibiwa kwa kusuka la kwake. Ukimsimulia mtu wa Tanga hadithi hii, kuhusu bundi hatauliza swali.

Kinachomfanya Paintsil awe wake peke yake ni mwili mweusi ndani ya ufundi huu wa sufu. Na hapo kuna jambo ambalo Wales yenyewe ilichelewa kulisema. Karne za 17 na 18, familia za katikati mwa Wales zilisokota na kufuma kitambaa kigumu cha sufu, wanawake na watoto wakiwa kwenye usokotaji, na wafanyabiashara wa Shrewsbury wakakinunua na kukipeleka mbele. Kilijulikana kwa jina la nchi yao, Welsh plains. Kiliishia Karibi na makoloni ya Amerika, migongoni mwa watu waliofanywa watumwa. Wengine wao walipakiwa melini kwenye pwani ileile ya Wafante. Mwanamke maskini alisokota gizani ili apate mkate, na mwanamke mwingine, ng'ambo ya bahari, akajikuna nguo hiyo shambani kwa mtu. Hawakuonana kamwe. Sijui kama Paintsil analiwaza hilo kila anapochoma ndoano. Mimi ndiye ninayeliwaza ninapoona sufu na nywele zetu zimeshikana kwenye gunia moja.

Nilisema nitaeleza zulia la matambara. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wao ni bibi wa miaka themanini na kitu, wa mabonde ya kaskazini mwa Cardiff. Wenzangu humwita kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulikataa. Namwita Mam-gu, yaani bibi kwa Kiwelisi cha kusini, naye huniita bach, mdogo, ingawa nina watoto wawili na goti linauma. Siku moja nilimwonyesha ile picha kwenye simu. Akavaa miwani.

"Mat racs," akasema. Zulia la matambara. Kisha akaiangalia tena, akanitazama kichwani, akaiangalia tena. "Na hizo ni kama zako."

Kwao, mama yake alikuwa akitengeneza zulia jipya kila majira ya baridi. Jipya liliwekwa mbele ya moto. La mwaka jana likashushwa jikoni, la mwaka juzi mlango wa nyuma, lililobaki likaenda kwa mbwa. Koti la baba lililotoboka, sketi ya dada, blanketi la jeshi, vyote vilikatwa vipande virefu. Unatanda gunia kwenye fremu, ndoano inapenya, inavuta kitanzi juu, inapenya tena. Mtoto aliketi juu ya zulia na kuonyesha kwa kidole: huyu baba, huyu shangazi, hili ni gauni lililoungua.

Tukaamua kulifanya. Nilipata gunia, ndoano nikainunua mtandaoni, matambara yalikuwa mashati ya mume wake aliyefariki na kanga yangu moja iliyopauka, jina lake limeshafutika isipokuwa neno "moyo". Siku ya kwanza nilijichoma kidole mara nne. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, haviwezi kushika ndoano, kwa hiyo yeye alikuwa macho na mimi mikono. Tulikuwa na robo saa baada ya chai, siku nilizopangiwa kwake, na siku nyingine robo saa yenyewe haikupatikana. Ilituchukua miezi minne kupata kitu cha ukubwa wa mswala wa mtoto.

Nina wasiwasi mmoja nisioweza kuumaliza. Zulia likipanda ukutani, linapata jina la mwenyewe, linapata bei, na tarehe ya kuzaliwa ya aliyelisuka inaandikwa pembeni. Nataka hivyo. Nilitaka hivyo kwa bibi yangu. Lakini pia kunawekwa kibao cha usiguse, na mkeka wa bibi yangu ulikuwa na maana kwa mgongo, kwa shavu la mtoto aliyesinzia, kwa alama za ukili zilizobaki usoni asubuhi. Wanawake wa Paintsil wana nywele ambazo mkono wangu unawasha kuzishika, nione kama zimekazwa. Siruhusiwi, na ninaelewa kwa nini. Sisi wenyewe hatupendi kushikwa nywele na wageni.

Jumatano iliyopita nilimaliza mstari wa mwisho, nikakata nyuzi, nikauliza tulitundike wapi. Mam-gu akanitazama kana kwamba nimeuliza tulitundike wapi sufuria. Akataka liwekwe mbele ya kiti chake. Nikaliweka. Akavua kandambili moja, akapitisha unyayo taratibu kutoka upande wa mashati kwenda upande wa kanga, akarudi, akasimama katikati.

"Hapa umelegeza," akasema.

Nikapiga magoti, nikapapasa. Kweli. Na kwenye vitanzi vile vilivyolegea kulikuwa na unywele wa rasta, mrefu, umenaswa, sijui tangu mwezi gani. Nikataka kuuchomoa. Akasema huo niuache, nifumue vitanzi tu, mistari mitatu, nivirudie. Nilikuwa na dakika kumi kabla ya basi. Nikakaa chini, nikaanza kufumua.